Hendeli ya Mzee Breki

Msumari ulikuwa mtupu. Inspekta aliutazama, akapitisha kidole kwenye ukuta chini yake, mahali ambapo rangi ilikuwa imekwaruzika kwa kitu kizito kilichoning'inia hapo miaka nenda miaka rudi. Kisha akamgeukia mjane aliyekuwa amekaa kwenye godoro, shuka limemfunika mabega.

"Hapa palikuwa na nini, mama?"

"Hendeli yake."

"Ya mlango?"

Mjane alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyelia mpaka akachoka. "Ya mlango! Marehemu angekusikia angekufukuza humu ndani. Hendeli ya treni, mwanangu. Chuma hivi, kirefu kuliko kiganja, kina kichwa cha mviringo. Dereva anakichomeka pale mbele yake. Akikisukuma, treni inakwenda mbele. Akikivuta, inarudi nyuma. Akikichomoa, injini yote ile inabaki sanduku tu. Alipostaafu walimwachia. Au alijiachia mwenyewe, sikumuuliza."

Mume wake, dereva wa treni tangu ujanani mpaka alipostaafu, watu walimwita Mzee Breki kwa sababu alikuwa akianza kufunga breki stesheni ikiwa bado haijaonekana. Alikutwa amekufa kwenye yadi, kule vichwa vya treni vilivyostaafu vinakopangwa kusubiri kukatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Alikuwa chini, kando ya reli, fuvu limepasuka. Mlinzi wa yadi alikuwa mahabusu, koti lake lina damu ya marehemu, na kesho angepelekwa mahakamani kwa kosa la kuua. Mkuu wa kituo aliridhika. Koplo aliridhika. Inspekta peke yake hakuridhika, na kwa kweli kuridhika hakukuwa katika tabia zake.

"Siku ile alitoka nayo?"

"Alitoka nayo. Kila akienda kule kuwaona hao wafu wake wa chuma lazima atoke nayo. Anapanda, anaichomeka, anakaa kama mfalme. Akichoka anarudi hapa kunisumbua."

"Na akishuka?"

"Anaichomoa, anatia mfukoni." Mjane alimtolea macho, kana kwamba ameulizwa kama watu hufunga mlango wakitoka nyumbani. "Dereva haachi hendeli kwenye injini, mwanangu, hata nyuma yake pawe panaungua moto. Ukiiacha, mpumbavu yeyote anaweza kuondoka na treni. Mimi maisha yangu yote nimeshona mifuko ya suruali za mtu huyu. Chuma kinatoboa, nashona, kinatoboa, nashona. Sasa hata hicho chuma sina."

"Ni kweli, haiachwi," alisema mtu mlangoni.

Alikuwa mzee mrefu, amebeba viti vya kukodi begani, vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa kitambaa. Huyu alikuwa msaidizi wa Mzee Breki kwenye injini kwa miaka yote ile. Madereva wenzao walimwita Utingo alipokuwa kijana, na mvi hazikumsaidia kitu. Utingo alibaki Utingo. Mjane alimwita shemeji.

"Vidole vimepatwa na nini, mzee wangu?" Inspekta aliuliza.

"Jiko la msibani, Inspekta. Wamenipa mimi kazi ya kupika, sijui wamenionea nini. Leo waliokula wote wananuna."

Wanawake waliokuwa ukumbini wakacheka. Mjane mwenyewe akatabasamu.

"Injini mliyoendesha nyinyi bado ipo yadi?"

"Yetu?" Utingo aliteremsha viti taratibu. "Yetu ilikatwa zamani. Nilikwenda kuiaga. Nililia kama mtoto, na usimwambie mtu."

Inspekta aliaga. Njiani alijikumbusha vitu vilivyotoka kwenye mifuko ya maiti: funguo, miwani, leso, pipi za kikohozi. Hendeli haikuwapo. Na msumarini haikuwapo.

*

Yadi ilikuwa uwanja mrefu wenye reli zilizofukiwa na majani. Vichwa vya treni vilisimama juu yake safu kwa safu, vyote vya rangi moja iliyokwisha kupauka, namba zimekwanguliwa ubavuni. Vya mbele vilikuwa vimebaki nusu. Wakataji walivikata kwa moto wa gesi, wakianzia puani, na vipande vilianguka kwa kishindo kilichotikisa ardhi mpaka kwenye soli za viatu. Lori lilisubiri. Nyuma ya lori palikuwa na mizani mikubwa, na nyuma ya mizani, kibandani, alikaa msimamizi ambaye kila mtu alimwita Bwana Mizani.

"Hendeli?" alisema Bwana Mizani. "Ninazo debe zima. Chagua unayoipenda."

Hakuwa anatania. Debe lilikuwapo kweli, nyuma ya kibanda, limejaa. Inspekta aliinama akazitoa moja moja, huku Koplo akihema karibu yake kama aliyekuwa akizichimba ardhini. Zote zilikuwa na kutu. Ya mtu anayeitia mfukoni kila siku na kuitundika ukutani ingekuwa inang'aa.

"Tumepoteza asubuhi," alisema Koplo.

"Nani kakwambia tumemaliza? Kama hakurudi nayo nyumbani, na haikuwa mfukoni mwake, na hapa haipo, basi iko pale alipoichomeka."

Koplo alizitazama safu. "Zote hizo?"

"Zote hizo. Na nitapanda mimi, wewe kitambi chako hakitapita."

Alianza. Ngazi ya kichwa cha treni si ngazi ya nyumba. Ni vyuma vilivyosimama wima, na cha kwanza kiko usawa wa kiuno. Inspekta alikuwa mwepesi wa mwili, lakini kila mara ilimbidi ashike nguzo kwa mikono yote miwili, apandishe goti, ajivute. Kwenye injini ya kwanza hakukuta kitu. Ya pili ilikuwa na kiota cha ndege. Nyingine viti vilikuwa vimeng'olewa, nyingine sakafu yenyewe haikuwapo. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo chuma kilivyozidi kuchoma, na magoti yakaanza kumlalamikia.

Aliikuta kwenye injini ya mwisho kabisa ya safu ya nyuma, iliyojificha kwenye majani marefu. Hendeli ilikuwa imechomekwa mahali pake, safi, kichwa chake cha mviringo kimelainishwa na kiganja cha mtu mmoja. Kiti cha dereva kilikuwa kimepanguswa vumbi, na breki ya mkono imelegea. Nyuma ya kiti, kifuniko cha nyaya kilikuwa kimefunguliwa na nyaya nene za shaba zimekatwa kwa msumeno. Ncha zake zilikuwa bado zinang'aa. Sakafuni palikuwa na majivu ya plastiki iliyoungua, na harufu yake ilimkaba koo. Mtu alikuwa akichoma nyaya humu ndani apate shaba.

Inspekta hakugusa kitu. Alisimama mlangoni, mikono ameifunga nyuma ili isimtie majaribuni, akayapanga mambo kwa sauti ili Koplo aliyekuwa chini asikie.

"Mzee Breki alikuwa huku juu. Hakushuka kwa hiari yake, maana angeshuka angeichomoa. Amesukumwa kutoka hapa nilipo mimi. Aliyemsukuma alikuwa huku juu naye, anaiba shaba. Sasa niambie, mguu wa mlinzi ukoje?"

"Wa kushoto haukunji," alisema Koplo. "Mabehewa yaliubana zamani."

"Hebu panda ngazi hii bila kukunja goti."

Koplo aliitazama ngazi, akajaribu kuunyoosha mguu mmoja kama gongo, akaondoa kofia akajikuna. "Lahaula," alisema. "Hawezi."

"Hawezi. Nataka mpiga picha aje aipige hendeli hii ikiwa pale pale ilipo, na mtu wa alama za vidole aikague kabla mtu mwingine hajaigusa. Wewe utakaa hapa. Usibanduke."

Bwana Mizani alikuwa amewafuata, mikono kiunoni. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Safu hii zamu yake kesho asubuhi, Inspekta. Chuma kina mwenyewe, na lori limelipiwa. Nataka karatasi ya mahakama."

"Mtu amekufa hapa."

"Ndiyo. Na karatasi naitaka."

*

Mkuu wa kituo alikuwa na sauti ya upole, nayo ndiyo iliyowatia watu wazimu. Mpiga picha alikuwa kwenye ajali ya barabarani. Hakimu alikuwa ameondoka. Kesho asubuhi, Inspekta, asubuhi na mapema. Kwani hicho chuma kina miguu?

Inspekta alishuka mahabusu. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji, mguu wake wa kushoto umenyooka mbele yake, viatu vyake havina kamba. Binti yake alikuwa dirishani na chupa ya chai.

"Nilimfunika koti langu, mwanangu," Mlinzi alisema kabla hajaulizwa. Alikwisha kulisema hilo kwa kila askari. "Alikuwa amelala wazi, na nzi. Ningemwacha hivyo? Ni rafiki yangu yule. Alikuwa akija tunasalimiana, namfungulia geti."

"Ulisikia mtu mwingine siku ile?"

"Nilisikia msumeno. Nikadhani wakataji. Kumbe wakataji hawatumii msumeno. Hilo limenijia humu ndani, limechelewa."

Inspekta alijua hapaswi kusema. Kazini walifundishwa kutomwahidi mtu kitu. Lakini binti alikuwa akimtazama kwa macho ambayo hayakuhitaji maneno, na yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, alikuwa na furaha. Ikamponyoka.

"Nimepata kitu cha kukutoa hapa," alisema. "Binti, kesho mletee baba shati safi. La kurudia nyumbani."

Binti alifunika uso kwa mikono. Mlinzi alianza kuvuta vuta mguu wake, kama mtu anayejiandaa kusimama.

*

Asubuhi Inspekta alimsubiri hakimu mlangoni mwa ofisi yake, akapata karatasi. Mpiga picha alikuwa na usingizi, lakini alikuwapo, na mtu wa alama za vidole alikuwapo na mkoba wake. Gari liliingia yadi na vumbi lake. Wakataji walikwisha kufika safu ya nyuma. Moto wa gesi ulikuwa ukila pua ya injini inayofuatana na ile ya mwisho.

"Zima! Zima hapo!" Inspekta alipiga kelele, karatasi juu.

Moto ukazimwa. Bwana Mizani aliisoma karatasi mara mbili, akarudisha, akainua mabega. Inspekta alicheka peke yake. Wamewahi. Alipanda ngazi kwa haraka hata akachubuka kiwiko, akaingia.

Tundu la hendeli lilikuwa tupu.

Alipapasa kwa macho sakafuni, kitini, nyuma ya kiti. Nyaya zilikuwapo, majivu yalikuwapo. Breki ya mkono, ambayo jana ilikuwa imelegea, ilikuwa imekazwa mpaka mwisho. Mtu alikuwa ameiegesha injini hii vizuri, kama inavyopaswa, akashuka na hendeli yake.

"Koplo!"

Koplo alikuwa nyuma ya gari, hataki kuonekana. "Mkuu alinipigia jana jioni, Inspekta. Kulikuwa na msafara wa mgeni, askari hawatoshi. Mkuu mwenyewe! Ningemwambia nini mimi?"

Inspekta aliruka chini akamfuata mkataji aliyekuwa karibu, kijana wa miraba minne, miwani myeusi juu ya paji la uso.

"Nani kapanda hapa?"

"Mzee mmoja. Alitukuta tunaunga mipira ya gesi. Alitusalimia vizuri tu."

"Alipanda injini ngapi?"

"Hiyo hiyo. Alikuja moja kwa moja kama anakwenda chooni kwake."

"Yukoje?"

"Mrefu. Kafunga vidole kitambaa."

Inspekta alitoa kalamu. "Utaandika maelezo hayo, na utaweka saini."

Bwana Mizani alikohoa, akamtazama mkataji. Kijana akalitazama lori, akatazama wenzake waliosimama bila kazi.

"Kwa kweli sikumwona vizuri," alisema. "Moshi mwingi hapa." Akashusha miwani yake myeusi.

*

Msumari haukuwa mtupu tena. Hendeli ilikuwa imetundikwa, imepakwa mafuta, inang'aa kama imetoka dukani. Mjane alikuwa amekaa mahali pale pale, lakini uso wake ulikuwa umetulia.

"Shemeji kanirudishia," alisema. "Mungu ambariki. Nimelala usingizi kidogo asubuhi hii, mwanangu. Naiona pale, naona kama karudi."

Inspekta alimkuta Utingo nyuma ya nyumba, akisugua sufuria kwa mchanga.

"Umeipata wapi?"

"Kwenye injini. Si mliisema wenyewe humu ndani? Nikaona haiwezi kukaa kule ikakatwe."

"Injini gani?"

"Mojawapo ya zile."

"Mojawapo ya zile zote zinafanana, mzee wangu. Mimi nimepanda mpaka magoti yamevimba. Injini yenu nyinyi ilikatwa, umeniambia mwenyewe. Mzee Breki alikuwa amekaa kwenye nyingine, ya mwisho kabisa, majanini. Hapa nyumbani sikumwambia mtu ni ipi. Wewe umekwenda moja kwa moja. Ulijuaje?"

Utingo aliendelea kusugua. "Nilibahatisha."

"Na umeifuta."

"Ilikuwa na vumbi. Hendeli haitundikwi na vumbi."

"Fungua hicho kitambaa nione vidole."

"Nimekwambia ni jiko."

"Kuni hazichomi hivyo. Plastiki ndiyo inayoganda kwenye ngozi."

Mikono ya Utingo ilisimama ndani ya sufuria. Alipoongea, sauti ilikuwa ya chini sana, na hakuinua uso. "Ningetaka kuificha ningeitupa mtoni, Inspekta. Ningeitupa mtoni hakuna ambaye angeijua. Lakini ilikuwa imekaa kule peke yake kwenye injini, usiku na mchana. Sikuweza kula. Haiachwi. Wewe huwezi kuelewa. Haiachwi."

"Siku ile mbona uliiacha?"

Ukutani mjusi alipita, akasimama, akaendelea.

"Siku ile niliogopa," alisema Utingo.

"Shemeji!" Mjane aliita kutoka ndani. "Shemeji, wageni wamekuja, njoo uwape viti!"

"Nakuja, shemeji." Utingo alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa na machozi, na hakuyaficha. "Hapa tulikuwa wawili tu," alisema. "Hukusikia kitu. Na mimi sikusema."

Akaingia ndani. Inspekta alisikia viti vikifunguliwa, watu wakimshukuru.

Alimpigia Mkuu simu akiwa amesimama pale pale kwenye mchanga na sufuria.

"Sawa, nimekusikia," Mkuu alisema kwa upole. "Hendeli imefutwa?"

"Imefutwa, afande."

"Picha yake ikiwa ndani ya injini?"

"Hakuna."

"Nani mwingine aliiona ikiwa mle?"

"Nilipanda peke yangu."

"Huyo mkataji?"

"Ameyakana maelezo yake."

"Mzee amekiri mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

"Ameungua vidole kwa jiko, amemrudishia mjane kumbukumbu ya mumewe. Na mimi nina koti lenye damu. Bila hendeli mle ndani, nani atasema marehemu alisukumwa kutoka juu, hata mguu wa mlinzi umsaidie? Sikatai akili yako, Inspekta. Nakuuliza tu, una nini mkononi?"

Inspekta aliutazama mkono wake. Ulikuwa na mchubuko na kutu ya ngazi.

"Sina kitu, afande."

"Basi gari la mahakama linaondoka. Na ile karatasi ya yadi nitairudisha kwa hakimu, tusiwazuie watu kazi yao bure."

*

Alifika kituoni kabla gari halijawashwa. Alitaka kuwa wa kwanza, ili Mlinzi asisikie kwa mtu mwingine. Aliteremka ngazi za mahabusu.

Mlinzi alikuwa amesimama. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa mpaka cha shingoni, na nywele amezichana kwa maji. Binti yake alimkunjia godoro na bakuli na chupa ya chai, akaviweka pamoja karibu na mlango wa vyuma ili wasisahau kitu.

"Nilikwambia atakuja," Mlinzi alimwambia binti yake. Kisha kwa Inspekta, kwa heshima yote, huku akivuta mguu wake: "Niko tayari, mwanangu. Tunatokea mlango wa mbele au wa nyuma?"

Nyuma ya Inspekta, kwenye ngazi, Koplo alikuwa akishuka na pingu.